Mita Mia Saba Arobaini na Nne

Siku tatu tulichimba kwa kubahatisha.
Tukuyu, mwezi wa nne, mvua haina staha,
simu ya kiwanda cha chai imekufa
na mkuu wa kituo anatuonyesha kwa kidole:
pale, hapana, basi pale penye mgomba.
Tulifukua minyoo na mawe meusi ya mlima.
Kila tulipoivua udongo, kebo ilikuwa nzima.

Siku ya nne akaja Bi Atuganile kutoka Mbeya
na kisanduku cha mninga,
kishikio chake kimefungwa kwa kamba ya kiatu.
"Daraja," akasema, akakiweka mezani.
Nikachungulia. Mto hakuna, nguzo hakuna:
betri, waya nyembamba iliyonyooshwa juu ya rula,
na nyuma ya kioo sindano, kama udevu wa hindi.

Nilikuwa nimeshika taa, akaniambia mimi:
"Umeme ni kama watu wawili watokao Katumba
wakifuata njia mbili kwenda soko moja.
Kila njia ina tope lake; tope hilo ndilo ukinzani.
Kwa macho hulipimi.
Lakini funga kamba kutoka njia hii hadi ile.
Asipokuwepo wa kuivuta, huku wala huko,
ujue matope yamegawanyika kwa uwiano mmoja.
Sehemu ni nne. Ukizijua tatu,
ya nne hujitaja yenyewe."

Ambokile akatumwa kiwandani na plaizi
aiunge waya mbovu na waya nzima,
ziwe kitanzi kimoja, kwenda na kurudi,
mita elfu mbili na mia nne.
Bi Atuganile akateleza kidude cha shaba juu ya rula.
Sindano ikaruka kulia.
Akarudisha. Ikaruka kushoto, kama mbuzi aliyeguswa na tone.
Naye akinong'ona ubeti aliojitungia chuoni, asisahau:

Usiutazame moto, utazame utulivu,
Sindano kama mtoto, hulala pasipo wivu,
Upande kiwa mzito, hulia kwa maumivu,
Sifuri ndiyo jawabu, sifuri siyo utupu.

Penye mia tatu na kumi, katika elfu,
sindano ikanyamaza.
Akapiga hesabu nyuma ya risiti ya sukari:
mita mia saba arobaini na nne.

Tukatoka na kamba ya kupimia.
Mimi sikuhitaji kamba.
Nilijua namba ile inaishi wapi:
nyuma ya jiko la mama Tumpale,
nilipochimba shimo la choo mwezi wa pili
kwa ujira wa mkungu mmoja wa ndizi.
Jembe liligonga kitu. Nikasema, mzizi.
Nikafukia, nikasogeza shimo hatua tatu.
Na siku zote tatu nilichimba pamoja na wenzangu,
jasho la kweli, mdomo umefungwa.
Sindano hunyamaza ikasema kitu.
Mimi nilinyamaza tu.

Kamba ilisoma mia saba arobaini na sita;
kamba ikilowa hufupika.
Kebo ilikuwa hapo, ganda lake la risasi limepasuka,
maji yameingia hadi kwenye karatasi ya ndani.
Bi Atuganile akachuchumaa, akapitisha kidole jerahani:
alama ya mwezi mchanga, katikati imeruka kidogo.
Akalitazama jembe langu.
Akaitazama tena alama.
Akafungua daftari, akaandika neno moja: maji.

Jioni simu ya kiwanda ililia.
Sauti ya kwanza haikushukuru,
iliuliza magunia yamefika mangapi.

Alipokuwa anapanda gari la kurudi Mbeya,
kisanduku kifuani kama mtoto mwenye homa,
akaniita kwa kidole.
"Hilo jembe lako," akasema, "lina pengo.
Linoe."